GEDmatch, FamilyTreeDNA, Ancestry au usipime kabisa: DNA yako uiweke wapi kama suala la polisi linakukosesha raha

Kuna watu wengi wamekwama hapa. Ushapima DNA au unataka kupima, labda unamtafuta baba ambaye hukuwahi kumwona, labda unataka tu kujua ukoo umetokea wapi, alafu unasikia polisi nao wanaingia humo humo kusaka wauaji wa zamani, basi unabaki na chupa ya mate mkononi hujui uitume au uiache. Ukiuliza unapewa majibu mawili, moja linasema kama huna baya usiogope, la pili linasema ukishatuma umekwisha. Hakuna linalokusaidia kuchagua, kwa sababu hizi huduma za kupima au kulinganisha DNA ya ukoo hazifanani na tofauti zake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mengi ninayoyasema hapa ni ya Marekani maana kesi nyingi na kampuni nyingi ziko huko, ila popote ulipo, ukiwatumia mate yako utakutana na masharti yale yale.

Kwanza elewa polisi wanafanyaje

Anayetafutwa ni ndugu yako, na wewe ni njia tu ya kumfikia. Hili ukilishika, mengine yote yanakaa sawa.

Databesi ya polisi yenyewe, ile ya FBI inayoitwa CODIS, inaangalia sehemu 20 tu za DNA. Zinatosha kusema huyu ni yule yule au siye, na pengine kugusia ndugu wa karibu sana. Kipimo cha ukoo kinasoma alama kama laki sita au saba, na hizo zinatoa hadi ndugu wa mbali, watu ambao ni vilembwe wa babu na bibi mmoja na hawajawahi kusikiana maishani. Urefu wa vipande mnavyoshea unapimwa kwa sentimogani: mzazi na mtoto wake ni kama 3,400, wajukuu wa babu mmoja wanaozaliwa na ndugu wawili wastani ni 850 hivi, vitukuu kama 230, vilembwe 70 na kitu.

Sasa chukua mfano, mtaalamu wa nasaba amepakia DNA ya muuaji iliyokutwa kwenye nguo ya marehemu. Orodha inakuja, juu kabisa kuna mtu wa sentimogani 75 na mwingine wa 68, na hao wawili wenyewe kwa wenyewe hawana undugu. Anajenga mti wa kila mmoja kurudi nyuma mpaka mababu wa miaka ya 1800 kwa vyeti vya kuzaliwa, sensa za zamani, matangazo ya vifo magazetini, alafu anageuka anashuka na kila tawi kuja kwa walio hai. Anachowinda ni ndoa, yani pale mtu wa mti wa kwanza alipooana na mtu wa mti wa pili, kwa sababu watoto wa ndoa hiyo ndo wenye damu ya pande zote mbili. Akiipata anabaki na watoto watatu wanne, anaangalia yupi ni mwanaume, yupi umri unalingana, yupi aliishi karibu na tukio. Polisi wanamfuata huyo kimya kimya, wanasubiri atupe kikombe au kitambaa, wanapima, wanalinganisha moja kwa moja na ile ya kwenye nguo. Wale wawili wa juu kwenye orodha hawajaulizwa kitu, na pengine hawatajua kamwe kwamba walihusika.

Ndivyo alivyopatikana Joseph James DeAngelo kule California, Aprili 2018, askari polisi wa zamani aliyeua na kubaka miaka ya 70 na 80 na akaishi kwa amani kwa miongo. Mtaalamu aliyesaidia ni Barbara Rae-Venter. Mwaka 2020 DeAngelo alikiri mauaji 13. Oktoba mwaka ule ule wa 2018 jarida la Science likachapisha utafiti wa Yaniv Erlich na wenzake, wakaonyesha kwamba databesi yenye watu milioni 1.28 tu inatosha kumpatia ndugu wa kiwango cha vilembwe au karibu zaidi, karibu asilimia 60 ya watu wenye asili ya Ulaya wakitafutwa. Wakasema databesi ikifikia asilimia 2 ya jamii husika, karibu kila mtu anafikika. Kwa Mmarekani mwenye asili ya Ulaya hilo swali la niingie au nisiingie limeshajibiwa kwa sehemu na binamu zake. Wenye asili ya Afrika ni wachache kwenye databesi hizi za ukoo, wakati kwenye CODIS wako wengi kupita idadi yao, na hapo kila mtu apime mwenyewe uzito wa jambo hilo kwa familia yake.

Vigezo nitakavyotumia

Nimechagua vitano na nitavipitisha kwa kila chaguo. Polisi wanaingia kwa ruhusa ya nani. Setingi ikoje siku unajiunga kabla hujagusa chochote, maana watu wengi hawagusi. Rekodi yao, kwamba walishawahi kuteleza wapi. Ukitaka kutoka unatokaje. Na mwisho wewe unapata nini, kwa sababu kama huduma haikupi unachokitafuta hakuna haja ya kubeba hatari yake.

1. Ancestry na 23andMe: mate yako yanakaa kwao tu

*Polisi.* Hizi mbili hazipokei faili la DNA kutoka nje. Unanunua kipimo chao, unatema mate, basi. Kwa hiyo polisi hawezi kupakia DNA ya mtuhumiwa akajifanya mteja wa kawaida kama inavyowezekana kwingine. Zote mbili zinasema hazitoi data kwa polisi bila nguvu ya kisheria, na zinatoa ripoti za wazi kuhusu maombi yanayoletwa. Ancestry ilieleza kwamba mwaka 2019 ilipata hati ya upekuzi kutoka mahakama ya Pennsylvania ikitaka kuifikia databesi yake, ikaipinga, na haikutoa kitu.

*Setingi.* Hakuna kitufe cha polisi kwa sababu hawaruhusiwi. Kuna kitufe cha kuonekana na ndugu na kingine cha kuruhusu utafiti, soma vyote viwili.

*Rekodi.* Hapa ndo watu wanajisahau. Wanasema kampuni yangu imekataa polisi kwa hiyo niko salama, wakati polisi ni hatari moja tu kati ya kadhaa. Oktoba 2023 ilijulikana wadukuzi wameingia 23andMe kwa kutumia paswedi ambazo watu walikuwa wamezitumia pia kwenye tovuti nyingine. Akaunti zilizofunguliwa moja kwa moja zilikuwa kama 14,000 tu, lakini kupitia kile kipengele cha kuonyesha ndugu wakachota taarifa za watu milioni 6.9, na orodha za watu wenye asili ya Kiyahudi na ya Kichina zikawa zinatangazwa kuuzwa. Watu milioni kadhaa hawakufanya kosa lolote, ndugu zao ndo walikuwa na paswedi dhaifu. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika, mwanasheria mkuu wa California akawakumbusha wananchi wake kuwa wana haki ya kufuta data zao, na Juni majimbo zaidi ya ishirini yakaenda mahakamani kupinga data isiuzwe bila ridhaa ya wenyewe.

Ancestry nayo ina historia moja ya kuijua. Ilikuwa imenunua databesi ya taasisi ya Sorenson, iliyokuwa wazi kwa umma. Mwaka 2014 polisi wa Idaho waliokuwa wanafuatilia mauaji ya mwaka 1996 wakaona sampuli humo inafanana kwa karibu na DNA ya muuaji kwa upande wa ukoo wa kiume, wakaenda na amri ya mahakama, Ancestry ikatoa jina. Aliyetoa sampuli alikuwa mzee aliyejitolea kwa utafiti wa ukoo miaka ya nyuma, polisi wakamgeukia mwanae wa New Orleans, wakamchukua wakamhoji kwa saa kadhaa, wakamchukua mate, akakaa zaidi ya mwezi akisubiri. Hakuwa yeye. Ancestry ikaifunga ile databesi mwaka 2015. Ila lazima niseme na upande wa pili wa kesi hiyo hiyo: mwaka 2019 njia ya kisasa ya nasaba ikampata muuaji halisi, na mtu mwingine aliyekuwa amefungwa miaka 20 kwa kosa hilo akasafishwa kabisa. Kesi moja, mbinu moja ilimtesa asiye na hatia na nyingine ikamwokoa asiye na hatia. Ndo maana siwezi kumwambia mtu polisi wasiguse kabisa, na siwezi pia kumwambia atulie tu.

*Kutoka.* Unaweza kufuta akaunti na kuomba mate yaliyohifadhiwa yaharibiwe. Hayo ni maombi mawili tofauti, usiishie kwenye moja. Maabara zinaweza kubaki na kumbukumbu fulani kwa matakwa ya sheria.

*Unapata nini.* Ancestry ina watu zaidi ya milioni 20 waliopima, hakuna anayeifikia. Kama unatafuta ndugu wa damu usiyemjua, hapa ndo kwenye samaki wengi.

MyHeritage, kampuni nyingine ya vipimo vya ukoo, naiweka humu kwa kifupi kwa sababu iko katikati: masharti yake yanakataza polisi bila amri ya mahakama, lakini inapokea au imewahi kupokea mafaili ya nje, na Desemba 2020 gazeti la Los Angeles Times liliripoti kwamba kwenye msako wa DeAngelo ilitumika pamoja na FamilyTreeDNA bila wateja kujua. Yani katazo lilikuwa la maandishi, na njia ilikuwa wazi.

2. FamilyTreeDNA: polisi wanaruhusiwa na wanasema hivyo

*Polisi.* Wanaruhusiwa kwa mauaji, ubakaji, utekaji na kutambua maiti zisizojulikana, na wanatakiwa wajitambulishe na wapate kibali cha kampuni kabla. Wanaona kile ambacho mteja yeyote angeona, yani jina uliloweka, kiasi mnachoshea na mti kama umeuacha wazi. Hawapati faili lako ghafi. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani polisi anakabidhiwa DNA yote.

*Setingi.* Ukijiunga kwa kawaida unakuta ulinganisho wa polisi umewashwa, ni wewe uende kwenye faragha uzime. Walioko Umoja wa Ulaya walizimiwa moja kwa moja Machi 2019. Ukizima unaendelea kuona ndugu wengine kama kawaida.

*Rekodi.* Mwisho wa Januari 2019 ilitoka habari kwamba kampuni ilikuwa ikishirikiana na FBI bila kuwaambia wateja. Mwanzilishi, Bennett Greenspan, akaomba radhi kwa kutosema mapema. Na mwanzoni aliyetaka kuwakwepa polisi ilibidi azime ulinganisho wote, yani akose hata ndugu zake, mpaka baadaye ndo wakatenganisha vitufe. Mi naona sasa hivi wako wazi kuliko wengi, ila kitendo cha kuanza na kitufe kimewashwa kinanikera, kwa sababu mama aliyenunuliwa kipimo kama zawadi ya sikukuu hajui kama kuna ukurasa wa kuzima, na ridhaa ya mtu asiyejua haiwezi kuitwa ridhaa.

*Kutoka.* Inawezekana, na hapa napo tofautisha kufuta akaunti na kuharibu sampuli. Kampuni hii inajulikana kutunza sampuli kwa miaka mingi ili uweze kuongeza vipimo baadaye, kwa hiyo usiposema kitu mate yatakuwepo.

*Unapata nini.* Kama unafuatilia ukoo wa kiume peke yake, baba wa baba wa baba, au wa kike peke yake, vipimo vyao vya kina havina mpinzani. Wanaotafuta jina la ukoo lililopotea wanajua hili.

3. GEDmatch: ya bure, ya zamani, na yenye misukosuko mingi

*Polisi.* GEDmatch haiuzi kipimo. Unapakua faili lako kutoka ulikopima unalipakia pale, linalinganishwa na watu waliopima kampuni zote. Iliundwa mwaka 2010 na Curtis Rogers na John Olson kwa ajili ya watu wanaopenda mambo ya ukoo, na nayo ilitumika kwenye kesi ya DeAngelo bila wao wenyewe kujua kwamba polisi wameingia. Leo polisi wana lango lao tofauti, linalolipiwa.

*Setingi.* Zipo nne na hapa tulia usome. Ya kwanza ni ya siri, hulinganishwi na mtu. Ya pili ni ya utafiti, wewe unalinganisha lakini hujitokezi kwa wengine. Ya tatu ni ya wazi bila polisi. Ya nne ni ya wazi pamoja na polisi kwenye makosa ya ukatili. Tangu Mei 2019 hakuna anayewekwa kwa polisi mpaka achague mwenyewe, na kwa maoni yangu ndivyo inavyotakiwa kuwa kila mahali. Kuna kitu kimoja kinawashtua wengi: tangu 2021 ile ya tatu, ya bila polisi, bado inalinganishwa na maiti zisizojulikana. Wengine wanaona sawa kabisa, wengine wanajiona wamedanganywa, basi ujue kabla.

*Rekodi.* Hii ndo ndefu. Baada ya DeAngelo walisema polisi waingie kwa mauaji na ubakaji tu. Novemba 2018 kule Centerville, Utah, bibi wa miaka 71 aliyekuwa akipiga kinanda peke yake kanisani akakabwa mpaka akazimia. Alipona. Polisi wakaomba, na kosa lile halikuwemo kwenye orodha, lakini mwenye GEDmatch akaruhusu kwa huruma, na kijana aliyefanya akapatikana. Nia ilikuwa njema na matokeo yalikuwa mema, ila masharti yalikuwa yamevunjwa na mtu mmoja aliyeamua kwa niaba ya watu milioni moja, na ghadhabu iliyofuata ndo ikaleta ile setingi ya kuchagua. Siku ile profaili zinazoonekana na polisi zikashuka kutoka zaidi ya milioni moja mpaka sifuri, wakaanza kujenga upya mtu mmoja mmoja.

Mwaka 2019 polisi wa Orlando, Florida, wakapata hati ya jaji iliyowaruhusu kupekua databesi nzima, waliokubali na waliokataa, na GEDmatch ikatii. Kwa hiyo kitufe chako kinamzuia polisi anayepita njia ya kawaida. Mwenye hati ya jaji anapita juu yake. Alafu Julai 2020 wadukuzi wakavuruga setingi za watu wote na kwa saa kama tatu kila profaili ikawa wazi kwa polisi, hata za wale wa siri.

*Kutoka.* Rahisi, hakuna mate, ni faili tu, unalifuta mwenyewe. Kwenye hili inawashinda wengine.

*Unapata nini.* Unalinganishwa na waliopima kwingine bila kununua kipimo kingine, na zana zake za kulinganisha kipande kwa kipande wataalamu wanazipenda. Watu ni wachache kuliko Ancestry.

4. Usipime, au futa ulichoweka

*Polisi.* Hawana chako. Wana cha shangazi yako kama alipima. Ule utafiti wa asilimia 60 unakuhusu hata ukikaa kimya, kama una asili ya Ulaya, na kama uchunguzi unakaribia ukoo wenu, mpelelezi anaweza kubisha hodi akaomba mate ili apunguze matawi. Ikitokea, uliza kwa upole kama wewe ni shahidi au mtuhumiwa, kama kuna hati ya mahakama, na sampuli yako itafutwa lini. Bila hati Marekani unaweza kukataa.

*Setingi* hakuna, na *rekodi* nayo haipo ya kusema. *Kutoka* ndo hivyo ushatoka, ila kumbuka aliyewahi kupakua orodha ya ndugu zako akiwa nayo kwenye kompyuta yake hufuti ya kwake.

*Unapata nini.* Unapata utulivu kuhusu vitu ambavyo watu husahau wanapobishana kuhusu polisi. Sheria ya Marekani ya GINA ya mwaka 2008 inakataza bima ya afya na mwajiri kutumia vinasaba dhidi yako, lakini haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu wala ya matunzo ya uzeeni. Na unaepuka ile habari ambayo wengi hawakujiandaa nayo, kwamba baba siye baba. Unachokosa ni ndugu, na kwa mtu aliyelelewa bila kujua kwao hicho si kidogo, asije mtu akamwambia aache kwa sababu za faragha wakati yeye amekulia na mti mzima mezani.

Jambo ambalo hakuna setingi inayoligusa

Angalia wenye mali. GEDmatch iliuzwa Desemba 2019 kwa Verogen, kampuni ya vifaa vya maabara za uchunguzi wa jinai, na Januari 2023 Verogen yenyewe ikanunuliwa na Qiagen. Ancestry ikachukuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone mwaka 2020 kwa dola bilioni 4.7. FamilyTreeDNA ikaungana na myDNA ya Australia mwaka 2021, mwaka huo huo MyHeritage ikaenda kwa wawekezaji wa Francisco Partners. 23andMe ikauzwa Julai 2025 kwa dola milioni 305 kwa taasisi ya mwanzilishi wake Anne Wojcicki. Zote tano, ndani ya miaka sita. Ulipotema mate ulimwamini mtu, na sasa yuko mwingine. Kwa hiyo ukisoma ukurasa wa faragha usome kama ahadi ya mwenye mali wa leo, na sehemu muhimu kuliko zote ni ile inayosema watakuarifu vipi masharti yakibadilika.

Sheria inasaidia kidogo. Wizara ya Sheria ya Marekani ina mwongozo tangu Novemba 2019: makosa makubwa ya ukatili au maiti zisizojulikana tu, CODIS ijaribiwe kwanza, polisi wajitambulishe, na mtu asikamatwe kwa sababu ya mti wa ukoo peke yake bila kulinganisha DNA yenyewe. Lakini unawafunga polisi wa serikali kuu na wanaopata fedha zake kwa kazi hiyo, sio kila kituo cha polisi cha mtaani. Maryland na Montana zilipitisha sheria mwaka 2021, na ya Maryland inataka jaji aidhinishe. Sweden walijaribu kwenye mauaji mawili ya Linköping ya mwaka 2004, baada ya kupima watu zaidi ya 6,000 bila mafanikio, na mwaka 2020 nasaba ikampata mhusika. Ufaransa wao kipimo chenyewe cha nyumbani ni marufuku, faini euro 3,750.

Sasa wewe uko wapi?

Unamtafuta mzazi au ndugu wa damu: anza Ancestry kwa sababu ya wingi. Ikishindikana, peleka faili GEDmatch kwenye ya wazi bila polisi, na FamilyTreeDNA uzime ya polisi siku hiyo hiyo unapofungua akaunti. Ukishampata uliyemtafuta rudi ufute zile za ziada, huna sababu ya kubaki sehemu tatu.

Umepotelewa na ndugu miaka mingi na hujui kama yu hai: hapa naegemea wazi upande wa kuweka. GEDmatch na FamilyTreeDNA zote zinalinganishwa na maiti zisizojulikana. Na kwa walioko Marekani polisi wanaweza kuchukua sampuli ya familia ikaingia sehemu ya CODIS ya ndugu za waliopotea, ambayo ni tofauti na ya wahalifu, dai uhakikishiwe hivyo kwa maandishi.

Unataka kabisa kusaidia kesi za zamani: GEDmatch setingi ya nne, kwa moyo mweupe, kuna familia zinasubiri jibu miaka 30. Ila kaa kwanza na kaka zako na dada zako uwaambie, kwa sababu unaweka na nusu ya damu yao. Akikataa mmoja, sikiliza sababu yake, huenda ana jambo ambalo wewe hujui.

Ulipima kwa udadisi, ukaona asilimia za asili yako, hujaingia tena: pakua faili lako ulihifadhi, alafu futa akaunti na omba mate yaharibiwe. Wa 23andMe kama hamjafanya hivyo tangu mambo ya 2025, ingieni muangalie leo hata kama mmeamua kubaki.

Umekataa lakini binamu yako ameshaweka kila kitu wazi: huwezi kumlazimisha. Mwombe mambo mawili ambayo hayamgharimu, kwanza mti wake aufiche majina ya walio hai, pili awashe uthibitisho wa hatua mbili na paswedi asiyoitumia kwingine.

Unataka kumpima mtoto: subiri. Akifika utu uzima ataamua mwenyewe, na masharti yatakuwa yameshabadilika mara kadhaa kufikia hapo. Kama kuna sababu ya kiafya, mpeleke kwa daktari apimwe hospitali, ambako sheria za siri za mgonjwa zinamlinda, sio kwenye databesi ya ukoo.